Ukurasa Uliojibu Haraka Mno

Mtu akinisifia kijana kwamba ana maneno matamu, mimi huaga na kuondoka. Sina ugomvi na utamu. Nimewahi tu kufanya kazi na mmoja wa aina hiyo, chumba kimoja, meza mbili zinazotazamana, kopo moja la sukari katikati, na hadi leo nikisikia mtu anacheka kama yeye napandwa na hasira hata nikiwa sokoni mbele za watu.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu nchini kilikuwa kimefunguliwa au kinauzwa. Viwanda vya umma vilikuwa vinapata wenyewe wapya, kampuni za simu zilikuwa zinashindana kusimika minara, na Arusha kila aliyekuwa na gari refu na darubini alijiita kampuni ya utalii. Mimi na huyo mwenzangu tulikuwa tumemaliza chuo cha kompyuta pamoja. Yeye alikuwa mtoto wa Sombetini, wa nyumba iliyoongezwa tofali kila baba yake alipopata kibarua. Mimi nilikuwa wa mitaa ya zamani ya mjini, baba yangu Mwislamu kutoka Kondoa, muuza vitambaa, na mama yangu Mmeru aliyesilimu alipoolewa. Tulipanga chumba Themi, juu ya duka la pampu za maji, tukaanza kutengeneza tovuti.

Kazi tuliigawana hivi: yeye mbele, mimi nyuma. Mbele ni kile anachokiona mgeni akifungua ukurasa, yaani rangi, picha za mlima, mahali pa kubonyeza. Nyuma ni kule majibu yanakotoka, ambako mgeni hafiki na wala hana habari nako. Mimi sikugusa mbele yake, naye hakugusa nyuma yangu. Tulikuwa tukitaniana kwamba yeye ni bwana harusi na mimi ni mpishi. Harusi ikifana anapongezwa yeye, wali ukiungua naulizwa mimi.

Kazi iliyotufanya tujulikane ilianzia kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Alikuwa mjane, Mlutheri wa kuimba kwaya, na kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba ndani, kilikuwa mlimani juu ya Usa River, migomba na mibuni imechanganyika kama walivyoiacha wazee. Kahawa ilipoachiwa wanunuzi binafsi, mwaka mmoja walikuja wanagombania gunia, mwaka uliofuata hakuonekana hata mmoja. Mama mdogo akang'oa mibuni ya upande wa barabara, akajenga vyumba vitatu vya wageni, kwa ajili ya watu wanaokuja kutembea mlimani na kutaka kulala kwenye nyumba za wenyeji. Watu wa kanisani walimsema sana. Kung'oa kahawa Umeruni ilikuwa kama kuvunja nyumba ya baba yako kwa mkono wako. Yeye akasema kahawa ilimfanya aishi kwa kumngoja mnunuzi, na safari hii anataka afe akiwa mwenye nyumba yake, asiyekuwa chini ya mtu. Vyumba vile vilikuwa kila kitu alichokuwa nacho, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote.

Shida ilikuwa kwamba mgeni yuko Ulaya, na mama mdogo hana intaneti. Ana simu ya mkononi, tena mtandao unapatikana akisimama karibu na zizi. Nyumba nyingine ndogo za kuzunguka mlima zilikuwa hivyohivyo. Ndipo nikabuni ule mfumo. Mgeni akichagua siku anazotaka, ukurasa unafunguka hapohapo na kuorodhesha nyumba zote, na mbele ya kila nyumba pameandikwa neno moja: Tunauliza. Wakati yeye anatazama picha za mlima, mashine yangu pale Themi inatuma ujumbe wa simu kwa kila nyumba. Anayejibu mapema, mstari wake unabadilika mapema. Anayechelewa, mstari wake unaendelea kusema Tunauliza. Ukurasa hauzimiki na kuwaka upya. Unabadilika mstari mmoja mmoja, wenyewe, mgeni anaona. Maneno mbele ya mgeni yalikuwa ya Kiingereza, lakini ofisini tulikuwa na yetu: Tunauliza, Vipo, Imejaa. Siku ya kwanza mstari ulipogeuka bila mtu kugusa kitu, tuligongeana mikono mpaka mwenye duka la pampu akagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Tulibishana jambo moja tu. Nyumba isipojibu kabisa, tuandike nini? Mwenzangu alitaka tuandike Imejaa, yaishe.

"Kimya si hapana," nikamwambia. "Unapiga hodi, mwenyewe yuko shambani. Utasema nyumba imejaa watu?"

"Mzungu hajui hodi, dada."

"Basi tumfundishe."

Akacheka, akakubali. Asiyejibu kwa muda mrefu angeandikiwa kwamba bado hajajibu, na mgeni angeachiwa njia ya kumwandikia. Ndivyo tulivyokubaliana, nami nikaamini kwamba tumekubaliana.

Mama mdogo alitusumbua, lakini usumbufu wa kuchekesha. Nilimwelekeza kwamba swali likiingia ajibu kwa namba peke yake, yaani idadi ya vyumba vilivyo wazi. Jibu lake la kwanza lilikuwa hivi: Hamjambo huko, sisi wazima isipokuwa ng'ombe mmoja amekataa majani tangu juzi, mchungaji anawasalimu, vyumba vipo vitatu. Programu yangu ilikuwa imefundishwa kuchukua namba ya kwanza inayokutana nayo. Ikamchukua ng'ombe, ukurasa ukatangaza chumba kimoja. Nikampigia simu.

"Mama, andika namba tu. Huyo anayekuuliza ni mashine."

"Mashine ya nani?"

"Yangu."

"Basi ni ya nyumbani. Nitamrukia na namba kama polisi barabarani? Kwanza salamu."

Nilijua sitamshinda. Nikaifundisha programu kuvumilia, isome salamu zote na ng'ombe wote, kisha itafute namba inayofuata neno chumba au vyumba. Kuna siku ujumbe wake ulikuwa mrefu hata ukakatika vipande viwili, cha nyuma kikatangulia, nami nikaongeza mistari mingine ya kuviunga. Mwenzangu alikuwa akisoma zile salamu kwa sauti huku anashika mbavu. Akaomba nimpeleke akamwone mwenyewe.

Nikampeleka. Mama mdogo akachinja kuku. Mwenzangu akampa shikamoo ya kuinama, akamwita mama mdogo kabla sijafungua mdomo kumtambulisha, akala ndizi za nyama sahani mbili, akasifu kila chumba, mpaka akawasifu wale ng'ombe. Tulipoondoka alibebeshwa mkungu. Tangu siku hiyo salamu za mama mdogo zilikuja na jina lake pia, na akipata nafasi alipanda kule mwenyewe bila mimi. Nilifurahi. Nilisema huyu sasa ni ndugu.

Msimu wa kwanza wageni walikwenda vizuri. Mama mdogo alipata Waholanzi, akapata wanafunzi wa kike waliomsaidia kukamua, akapata mzee mmoja aliyelala pale wiki nzima akichora migomba. Kisha mwenzangu akaleta mteja mkubwa, hoteli mpya ya Usa River, kando ya mashamba ya maua. Wao walikuwa na laini yao ya intaneti na kompyuta iliyojibu kabla hujakohoa. Tukawaunganisha kwenye mfumo uleule. Sikuona ubaya. Mgeni anayetaka bwawa la kuogelea na mgeni anayetaka migomba si mtu mmoja.

Baada ya masika nikaanza kuona kitu upande wangu wa nyuma. Maswali yalikwenda, majibu yalirudi, na ya mama mdogo yalirudi kama kawaida, mchungaji anasalimu, mvua imezidi, vyumba vipo vitatu. Kila mara vitatu. Nikamuuliza mwenzangu kama kule mbele mambo yako sawa.

"Mbele kuko safi, aisee. Wageni siku hizi wanataka maji ya moto ya bomba. Mama mdogo anachemsha kwa kuni, unategemea nini?"

Lilikuwa jibu la kuingia akilini, na wakati huo baba alikuwa mgonjwa, nilikuwa nikitoka ofisini naenda hospitali, nikitoka hospitali naenda kumpikia mama. Nikamtumia mama mdogo ujumbe wa kumtia moyo, kwamba msimu haujaanza. Hakujibu hilo. Alijibu maswali ya mashine tu, na salamu zake.

Kisha siku moja mchana umeme ukakatika Themi. Nilikuwa nimeahidi kumtafutia mwalimu mmoja wa kigeni nyumba ya kulala mlimani, nikaenda kwenye intaneti kafe karibu na mnara wa saa, palipokuwa na jenereta. Nikafungua ukurasa wetu kama mgeni. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuufungua nikiwa nje ya ofisi. Pale ofisini kila mtu alikuwa na kioo chake cha kompyuta, na kioo changu kilionyesha majibu yanavyoingia, hakikuonyesha sura ya mgeni. Sura ya mgeni haikuwa kazi yangu.

Nikachagua siku, nikabonyeza. Orodha ikafunguka. Juu kabisa, kijani, hoteli ya Usa River: Vipo. Chini yake, nyekundu, nyumba ya mama mdogo: Imejaa. Na nyingine zote ndogo za mlimani: Imejaa, Imejaa, Imejaa.

Kwanza nilifurahi. Lazima niseme hivyo, ingawa nikikumbuka naona aibu kwa ajili ya ile furaha. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo amepata watu. Kisha nikakumbuka kwamba nimebonyeza sasa hivi. Mama mdogo tangu azaliwe hajawahi kujibu kitu haraka namna ile. Kwanza atafute miwani. Kisha aende zizini. Kisha amsalimie mashine. Tena umeme ulikuwa umekatika Themi. Ukurasa wenyewe ulikaa kwenye kompyuta ya kukodi ng'ambo, lakini mashine yangu ya kuuliza ilikuwa imezimika, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza mama mdogo lolote. Ukurasa ule ulikuwa umetoa jibu bila kuuliza.

Kurasa za wavuti hazina siri kwa anayejua kuzifunua, na mimi najua. Nikaufunua palepale. Neno Tunauliza halikuwepo tena. Kila nyumba isiyokuwa na intaneti ilikuwa inaanza na Imejaa na kubaki Imejaa. Mashine yangu ikiwa hai iliachwa iendelee kutuma maswali na kupokea majibu, nami niendelee kuyaona yanaingia nikaridhika, lakini huku mbele hapakuwa na kitu kilichokuwa kinayasubiri. Masika yote, na miezi baada ya masika, mama mdogo alikuwa anasimama karibu na zizi kujibu, na jibu lake lilikuwa linaishia mezani kwangu.

Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani ni wa kuwaonya watu wajinga. Nilirudi kwa miguu hadi Themi, jua la saa nane kichwani, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa.

Nilimkuta dirishani anasoma gazeti, umeme bado haujarudi. Nikamuuliza kwa nini nyumba ya mama mdogo imeandikwa imejaa.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonikata maini. Alikunja gazeti taratibu.

"Dada, mgeni hasubiri. Akiona Tunauliza anafunga, anakwenda kwa wengine. Tunapoteza wote."

"Kwa hiyo unamdanganya."

"Nimeandika Imejaa, sikuandika Mbaya. Imejaa ni sifa. Mtu akiona imejaa anasema pale pazuri."

"Na hoteli?"

"Hoteli wanajibu papo hapo. Hili ni soko huria, aisee. Kosa langu liko wapi?"

Nikamuuliza wanampa nini. Akasema yeye sasa ni mtu wao wa masoko, alikuwa anangoja baba yangu apone ndipo aniambie. Alisema hivyo kwa sauti ya huruma, kama mtu aliyenifanyia hisani. Miezi yote hiyo tulikuwa tunachota sukari kopo moja, ananiuliza hali ya mgonjwa, kumbe amenizunguka hadi nyuma ya kisogo. Nilitaka kumtupia lile kopo. Sikumtupia, na kuna siku bado najuta.

"Ulikula kwake," nikasema.

"Na nitakula tena. Mimi na mama mdogo hatuna tatizo."

Nilidhani ni majigambo. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na asubuhi yake nikapanda mlimani kumweleza mama mdogo kila kitu kabla hajaelezwa na mwingine. Njia nzima kutoka barabara kuu nilikuwa napanga maneno. Ningemwambia nitajenga ukurasa mwingine, peke yangu, mbele na nyuma. Ningemwambia asikate tamaa, wageni wapo, walikuwa wanafukuzwa mlangoni.

Kwa mama mdogo mimi huwa nazunguka nyuma, naingia jikoni, navuta kigoda, naanza kumenya ndizi hata kabla ya salamu kuisha. Siku hiyo alinitokea mbele, akanishika mkono, akanipeleka sebuleni. Akanikalisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Akaleta chai kwa sinia, vikombe vile vya maua ambavyo hutolewa mchungaji anapokuja. Nikaona hapa kuna jambo.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa pupa, maana si rahisi kumweleza mtu kwamba majibu yake yalikuwa yanafika na hayafiki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwenzako alikuja mwezi uliopita. Na bwana mmoja wa hoteli."

"Kufanya nini?"

"Kuleta maneno yako."

Sikumwelewa. Akaniambia polepole, akikunja na kukunjua pindo la kanga. Mwenzangu alimwambia kwamba wageni hawakitaki tena kihamba, kwamba mimi nalijua hilo siku nyingi lakini naona haya kumtamkia mama yangu mdogo jambo kama hilo, na kwamba mimi na yeye tumeonelea bora hoteli ivikodi vile vyumba, iviendeshe yenyewe, miaka kumi, mama mdogo abaki na migomba yake. Mama mdogo aliona ni adabu. Jambo zito kwa kawaida halisemwi na mwenye nalo, anatumwa mtu. Alimwona mwenzangu kama mshenga wangu, na maneno yaliyokuja kwa mshenga hayaulizwi kwa aliyemtuma, yanajibiwa kwa mshenga huyohuyo. Kwa hiyo hakunipigia simu. Alimjibu yeye. Akatia saini.

"Mimi sikumtuma, mama. Wallahi sikumtuma."

"Hata zile siku nilizokuwa naandika vitatu, vitatu, vitatu," akasema, "nilijua unasoma. Nikawa najiuliza mbona hanambii kitu huyu mtoto. Nikasema, kumbe ndiyo maana amemtuma mwenzake."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema kwamba niliambiwa ni maji ya moto, kwamba baba alikuwa mahututi, kwamba mimi pia nimefichwa kama yeye, na yote hayo ni kweli na nitayasema mpaka naingia kaburini. Lakini kila sentensi niliyoianza ilisikika kama ya yule kijana. Alikuwa amechukua hata njia ya mimi kujitetea kwa mtu wangu, akaitumia yeye kwanza.

Nikamuuliza kama mkataba unaweza kuvunjwa. Akasema amekwisha toa neno lake mbele ya mchungaji, na yeye si mtu wa kuwageuka watu. Nje nilisikia nyundo. Mafundi wa hoteli walikuwa wanabadilisha milango.

Nililia, nikiwa mtu mzima, kwenye kochi la wageni. Mama mdogo aliniacha nilie kidogo, kisha akanisogezea kikombe.

"Kunywa chai, mwanangu, inapoa," akasema. "Na kama ulitaka kulala, niambie mapema, ili niende nikawaulize wenyewe kama kuna chumba."